Miezi Mitatu Mama Hakuacha Sala

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyanya yangu aliniuliza swali, nikalijibu sawasawa, na jibu lile likamtoa mama yangu nyumbani. Sikusema uongo. Hilo ndilo lililonisumbua miaka yote hii. Ningalisema uongo, ningalijua pa kuanzia kutubu.

Tulikuwa tukikaa Likoni, si kule kwenye kivuko bali ndani kidogo, kwenye minazi, katika nyumba ya udongo na makuti aliyoiacha babu yangu. Tulikuwa watu wanne: Nyanya, mzazi wa baba yangu, Mama, mimi, na ndugu yangu Bakari, aliyekuwa hajatimiza mwaka na nusu na bado akinyonya. Baba alikuwa baharia wa meli za mizigo. Alipoondoka mara ile Bakari alikuwa hajaota jino, na sasa ilikuwa miezi tisa hajarudi. Barua zake zilikuja mbili. Nyanya ndiye aliyesomewa, na Mama alisimama mlangoni akasikiliza.

Nyanya hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lijulikane mapema. Alizaa watoto saba, akazika watano. Mwanamke aliyezika watano huwatazama wajukuu kwa jicho jingine. Kila asubuhi alimpakata Bakari, akamfunua kinywa, akamtazama kucha, akamnusa utosini, kisha akamrudisha kwa Mama bila kusema neno. Akisema neno, nyumba nzima ilikosa raha.

Mwaka ule surua ilipita mtaani kwetu. Bakari aliipata, akapona, vipele vikakauka, lakini hakurudi kuwa yule kijana wa kwanza. Alianza kuharisha. Kabla ya hapo alikuwa akitambaa mpaka uani akichokora kila kitu. Sasa ukimweka mkekani ulimkuta palepale. Nywele zake zikapoteza weusi, zikawa nyepesi, za rangi ya ndevu za hindi. Alishika ziwa kidogo, akaliachia, akageuza uso. Hakulia kwa sauti. Alinung'unika mchana kutwa, mnung'uniko mmoja usiopanda wala kushuka, hata ukauzoea, kisha ukajionea haya kwa kuuzoea.

Nyanya alikuwa na jina la ugonjwa ule. Wadigo huuita chirwa, na Waswahili wa mjini husema mtoto amebemendwa. Maana yake ni kwamba mama anayenyonyesha amelala na mwanamume, au ameshika mimba, na ziwa lake limeharibika. Aliye mgongoni anakauka kwa ajili ya aliye tumboni. Wanawake wa kwetu hawakungoja tumbo litokeze. Walimtazama mtoto anayenyonya. Akiharisha, akikataa ziwa, akikonda bila sababu, walitazamana wao kwa wao wakajua kuwa mama yake ana hali. "Mtoto hujua kabla ya mkunga," Nyanya alikuwa akisema. Na mara nyingi walipatia. Hilo nalo sina budi kulisema.

Ilikuwa adhuhuri. Mama alikuwa ndani amejinyoosha na Bakari, na Nyanya alikuwa jikoni akikwangua sufuria.

"Mishi."

"Abee, Nyanya."

"Njoo ukae hapa."

Akanipa ukoko wa wali wa nazi, ule ambao siku zote aliuweka ale mwenyewe na chai. Nilikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikaanza kutafuna.

"Mama yako yuatapika?"

"Yuatapika."

"Wakati gani?"

"Asubuhi, tukienda kisimani. Huweka ndoo chini, akainama penye michongoma."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zile Bakari alipokataa uji."

"Na chakula, yuala?"

"Hali. Chakula chake hutugawia mimi na Bakari. Yeye hula ndimu na chumvi."

"Ndimu," alisema Nyanya. Maneno yale mengine aliyaacha yapite. "Ndimu hizo huzipata wapi?"

"Hunituma mimi."

Nakumbuka raha niliyoiona. Mimi nilikuwa mtoto wa kuambiwa nenda ukacheze watu wazima wakitaka kuzungumza, na leo mtu mkubwa kuliko wote nyumbani aliniketisha, akaniuliza, akatikisa kichwa kila nilipojibu. Ningaliulizwa zaidi, ningalisema zaidi. Nilimaliza ukoko, nikalamba vidole.

Alasiri Nyanya alimngoja Mama amalize kuswali. Katika nyumba ya Kiislamu mwanamke hana jinsi ya kumficha mavyaa wake siku zake, kwa kuwa siku hizo haswali. Mkeka ukikaa umekunjwa pembeni siku tano, sita, kila mtu ajua.

"Umeswali?"

"Nimeswali, Mama."

"Na jana uliswali. Na mwezi uliopita uliswali siku zote, na uliotangulia pia. Mwezi wa tatu huu, mkaza mwana wangu, hujaacha sala."

Mama alikunja mkeka polepole. "Siku zangu hazijaja, Mama. Tangu Bakari augue, mwili wangu haujatulia."

"Na kutapika?"

"Nina homa. Huja ikaenda."

"Na ndimu?"

Habari za ndimu zilijulikana na watu wawili tu. Mama akageuka akanitazama pale nilipokaa kizingitini. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyeweka kitu mahali, akaenda kukichukua, asikione.

"Mwanangu yuko baharini, mwezi wa tisa huu," alisema Nyanya, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Sikuulizi nipate kukufedhehi. Nakuuliza kwa ajili ya huyu kijana."

"Wallahi, Mama, sina mimba. Wala sijamjua mwanamume yeyote ila mwanao."

"Usimtaje Mungu. Mtazame mtoto."

Kuanzia siku ile Mama alikatazwa kumnyonyesha Bakari. Nyanya alimchukua akalala naye, akamlisha uji wa muhogo na maji ya wali kwa kidole. Mama alitembea na leso mbili, ya juu imelowa kifuani. Nilimkuta mara nyingi nyuma ya jiko, ameegemeza paji la uso ukutani, akikamua maziwa yakimwagika mchangani. Akiniona hakujificha. Aliendelea tu mpaka amalize, kisha akafukia pale kwa mguu.

Hatukuzungumza. Yaani tulizungumza: lete maji, chukua ufagio, umekula. Asubuhi tulikwenda kisimani kama kawaida, mimi na yeye, kwa kuwa hakuwahi kwenda bila mimi. Ndoo yake ilikuwa kubwa na alihitaji mtu wa kumtwisha. Alitapika penye michongoma, akajifuta. Sasa mimi niligeukia upande wa pili nisione, na yeye alijua kwa nini nageuka.

Bakari alizidi. Miguu ikavimba, ngozi yake ikang'aa. Ukimbonyeza kwa kidole juu ya mguu, kishimo kilibaki, na nilikitazama kikijaa polepole mpaka nikachoka kungoja. Mnung'uniko nao ukapungua. Ndipo Nyanya alipokwenda kumwita Bi Tatu.

Bi Tatu ndiye mkunga aliyetuzalisha mimi na Bakari, na alikuwa mtu wa dawa pia. Alikuja asubuhi na kikapu cha majani, akaomba chungu kikubwa na kuni. Kwanza alimlaza Mama, akamtomasa tumbo chini ya kitovu, akamtazama shingoni, pale kwenye kishimo cha koo ambapo wakunga husema mshipa wa mwenye mimba hucheza. Alitomasa tena.

"Bado changa," alisema. "Mimba changa haishikiki mkononi."

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoyafikiria maneno hayo. Mkono haukukuta kitu, na kutokukuta kitu nako kukawa dalili.

Kisha Bi Tatu alikaa, akanyoosha miguu, akasema na Nyanya huku akimtazama Mama. "Dawa ninayo. Nitamchemshia vuo la majani haya, wataogeshwa yeye na mamake siku saba. Ziwa litakuwa limeoshwa, atanyonya, hata kama mimba ipo. Lakini chirwa ina sharti lake. Dawa haishiki mpaka mama aseme. Asiposema, tutakuwa tukimwogesha maiti."

"Mimi sina la kusema," alisema Mama.

"Basi."

Bi Tatu hakumlazimisha. Alianza kuyarudisha majani kikapuni, jani moja moja, bila haraka. Nyanya alikuwa amempakata Bakari, na Bakari alikuwa amefumbua macho nusu bila kumtazama mtu.

"Akioshwa," Mama aliuliza, "atanyonya lini?"

"Leo hii."

"Leo hii?"

"Ukishasema."

Mama alimtazama Bakari kwa muda mrefu. Maji yalikuwa yameanza kuchemka. Kisha akasema, "Ni kweli."

Nyanya alifumba macho.

"Nani?" aliuliza Bi Tatu.

"Mtu wa bara. Simjui jina. Alikuwa akipita."

"Wapi?"

"Njia ya kisimani. Amekwisha kurudi kwao."

Nilikuwa nimesimama karibu na chungu. Njia ya kisimani nilikwenda naye mimi kila siku ya Mungu, nami sikumwona mtu wa bara wala wa pwani. Nilifumbua kinywa nipate kusema. Mama akanitazama, akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana, hata wale wazee wawili hawakuona. Nikafunga kinywa. Ulimi wangu ulikuwa umemponza siku chache tu zilizopita, na bado aliniamini kuwa nitanyamaza. Katika mambo yote ya siku zile, hilo ndilo linalonitoa machozi nikilikumbuka, hata sasa nikiwa na wajukuu.

Waliogeshwa. Jua lilikuwa halijafika utosini Mama alipokaa juu ya kinu kilicholazwa, mwili unatoa mvuke na harufu ya majani, akapewa mwanawe. Bakari hakuwa na nguvu za kuvuta. Mama alimkamulia mdomoni tone kwa tone, mpaka akameza, mpaka akakumbuka. Alipoanza kunyonya mwenyewe Mama aliinamisha kichwa, sikuuona uso wake.

Siku ya nne kuharisha kulipungua. Siku ya saba uvimbe ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vifundo. Haukupita muda Bakari akalia, kilio cha kweli cha mtoto aliyenyang'anywa kitu, na jirani mmoja akapiga kigelegele kutoka uani kwake. Mimi si daktari, sijui yale majani yalikuwa na nini. Najua alirudishiwa maziwa ya mamake, na najua Bi Tatu aliamuru pia apewe kiini cha yai na mchuzi wa kunde kila siku, ili dawa, alivyosema, ipate pa kukaa. Simnyimi Bi Tatu haki yake.

Lakini kupona kwa Bakari ndiko kulikomfunga Mama. Asingalipona, pengine mtu angalisema, labda hakuwa na kosa, labda ugonjwa ulikuwa mwingine. Alipopona palikuwa hapana la kuuliza tena. Mama alisema, dawa ikashika. Mtaa mzima ulijua, na kila aliyekuja kumpongeza Nyanya kwa mjukuu alimpita Mama kana kwamba ni nguzo ya nyumba.

Nyanya alimwambia mbele yangu. "Umemwokoa mwanao, na kwa hilo nakushukuru. Sasa nenda kwenu ukamngoje mumeo huko. Hii ni nyumba ya mwanangu. Siwezi kumlelea humu mimba ya njiani."

"Na watoto?"

"Bakari nenda naye, yuanyonya. Mishi ni wetu, atabaki."

Kwao Mama ni Utange, ng'ambo ya kaskazini, upande wa Kisauni. Aliondoka na Bakari mgongoni na furushi la nguo kichwani. Aliniambia nimsikilize Nyanya na nisiache chuo cha Kurani. Nilimtazama akishika njia ya kivukoni mpaka minazi ikamficha. Sikulia, kwa sababu nilijiona sina haki ya kulia.

Tulibaki wawili. Nyanya alinitunza vizuri, akanishonea kanzu, akanisuka nywele kila Alhamisi. Lakini jioni, akikaa uani, alikuwa akihesabu kwa vidole. Nilijua yuahesabu nini. Alipofika kidole cha sita aliniita.

"Kesho jirani yetu Mwanakombo yuaenda Kisauni kuzuru jamaa zake. Utakwenda naye, atakufikisha Utange."

Niliinuka mbio nikafunge nguo zangu.

"Ukamtazame mama yako tumbo," alisema Nyanya. "Kisha urudi uniambie."

Tulivuka kivuko, tukapita mjini kwa miguu, tukalivuka lile daraja la zamani la Nyali lililokuwa likielea majini na kutikisika gari likipita, tukapanda basi. Mwanakombo alinunua machungwa akanimenyea njia nzima. Sikuweza kula hata moja.

Mama alikuwa shambani akipalilia kunde. Bakari, ambaye nilimwacha akiwa mzigo wa kubebwa, alinijia mbio na kigunzi mkononi, nywele zimerudi nyeusi. Hawe, kama tulivyomwita mama yake Mama, alikuwa kivulini akimenya muhogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alijifuta mikono kwa leso. Alikuwa amekonda na kuwa mweusi zaidi, lakini uso wake ulikuwa umetulia. "Umekuja kunizuru au umetumwa?"

Nilitazama chini. "Nimetumwa."

"Kutazama nini?"

"Tumbo."

Hawe aliweka kisu chini, akavuta pumzi apate kusema. Mama akamwinulia mkono. Akaja akachuchumaa mbele yangu, akalegeza leso, akanishika mkono, akauweka juu ya tumbo lake na kuubana pale. Lilikuwa bapa, gumu, la mtu anayelima. Nilisikia pumzi yake ikipanda na kushuka chini ya kiganja changu, basi.

"Kaseme ulichoona," aliniambia.

"Mama, mbona ulisema yale? Mimi nilikuwa nawe kila siku."

"Najua ulikuwa nami." Alifunga leso yake. "Walitaka neno moja ndipo wanipe mwanangu nimnyonyeshe. Nikawapa."

Hakunikaripia, wala hakuniuliza kwa nini nilimwambia Nyanya. Alinipikia, akanichana nywele, akaniuliza nimefika sura gani chuoni. Kesho yake Mwanakombo alinipitia.

Nilimkuta Nyanya akichagua mchele. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu kwenye basi, na niliyasema bila kupumzika. "Hana tumbo, Nyanya. Nimelishika kwa mkono wangu. Hana kitu."

Alitoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa. Akatoa kingine.

"Basi ameitoa," alisema.

Nilisimama pale nikimtazama akichagua mchele. Miezi michache nyuma neno langu lilitosha kumtoa mtu nyumbani kwake, na leo neno la kinywa kilekile, la mkono uliogusa, halikutosha kusimamisha vidole vyake kwenye ungo. Sikuwa na umri wa kulisema jambo hilo, lakini nililijua. Nililijua mwili mzima.

Baba alirudi mvua za masika zilipokwisha. Nyanya alimpa maji ya kuoga, akampa chakula, kisha akamweleza yote, bila kuongeza wala kupunguza. Baba alisikiliza akiwa ameshika kikombe ambacho hakukinywa. Nyanya alipotoka kwenda kutawadha, aliniita.

"Wewe ulikuwapo. Uliona nini?"

Nikamwambia. Kwamba Mama alitapika, kweli. Kwamba alikuwa na homa, usiku akitetemeka, na chakula chake alitugawia sisi. Kwamba hakwenda kisimani hata siku moja bila mimi. Kwamba hakukuwa na mtu wa bara. Hakuna aliyeniuliza mambo hayo kabla yake, na niliogopa kwamba naye atayaacha yapite. Asubuhi alikwenda Utange.

Walichozungumza nilikisikia kwa Mama, tena miaka mingi baadaye, kwa maneno machache. Alimwuliza, "Ni kweli uliyoyasema?" Naye akamjibu, "Nilisema ulipokuwa haupo. Sasa upo. Wanijua au hunijui?" Hawe akaleta chakula, Baba akala. Alipomaliza kula alimwambia Mama afunge nguo zake.

Hakurudi tena baharini. Alipata kazi ya kupakia mizigo Changamwe, akapanga chumba Magongo, akatuchukua sote watatu. Kila Ijumaa baada ya sala alivuka kwenda Likoni kumwamkua mama yake, na sikupata kumsikia akimlaumu. Mama hakumfuata huko. Sijui kama Baba aliamini. Siku nyingine nilimwona akimtazama Mama alipokuwa ameinama kazini, kwa macho ya mtu anayepiga hesabu isiyotimia, kisha akaangalia kando. Nadhani hakuwa na hakika, akaamua hivyohivyo, na akakaa katika uamuzi wake mpaka kufa. Wengine wana hakika na hawafanyi hata hilo.

Mwaka ule wa kungoja uhuru, watu wa Magongo wakipaka nyumba chokaa na vijana wakitafuta vitambaa vya bendera, Mama alianza kuchukia harufu ya vitunguu. Nilikuwa nimekwisha kuwa msichana. Asubuhi moja alitoka mbio jikoni akatapika kwenye mchirizi, na aliporudi alinikuta nimeupa mlango mgongo, nakuna nazi iliyokwisha kukunika.

"Umeona?" aliuliza.

"Sikuona kitu."

"Umeona, Mishi." Alikaa chini karibu nami, akachukua ile nazi mikononi mwangu, akaiweka kando. "Mara hii ni kweli. Baba yako ajua. Nawe waweza kumwambia umtakaye."

Sikumwambia mtu yeyote. Tumbo lilitoka lenyewe, akazaliwa ndugu yetu wa kike.

Nyanya alihamia kwetu alipoanza kupoteza macho. Mama ndiye aliyemwogesha na kumlisha, miaka minne, na kwa jinsi walivyokaa mgeni asingalijua kitu. Siku moja Bakari, aliyekuwa amekwisha kuota ndevu, alikuja kumwamkua. Nyanya alimpapasa mkono kutoka begani mpaka kwenye kiganja, akacheka kwa furaha.

"Huyu angalikuwa kaburini," alisema. "Ni mimi niliyemwokoa. Mamake alificha, nikamkalia mpaka akasema."

Mama alikuwa akichunga unga palepale. "Ni kweli, Mama," alisema.

Nilimfuata jikoni nikiwa na hasira za miaka yote. Nilimwuliza kwa nini yuamwacha aseme vile, tena mbele ya Bakari mwenyewe.

"Alimpenda Bakari," Mama alijibu. "Na amezeeka." Akanipa ungo nikauning'inize.

Wote wawili wamekwisha kufa. Mimi nimezaa watoto wanne, na kila mara wanawake wenzangu waliniona kabla sijawaambia, kwa kutema mate, kwa usingizi, kwa mtoto wa mgongoni aliyeanza ukorofi, na tulicheka pamoja. Dalili zile ni za kweli, wazee hawakuzibuni. Nyanya naye hakukosea hata moja aliyoitaja. Kutapika kulikuwapo, ndimu zilikuwapo, sala haikuachwa, mtoto alikauka. Mama aliulizwa, tena zaidi ya mara moja, ila kila aliyemwuliza alikuwa na jibu lake tayari. Nami sikutofautiana nao. Nilikwenda naye kisimani asubuhi zote zile, nikamngoja ajifute mdomo, nikamtwisha ndoo, na hata siku moja sikumwuliza, Mama, una nini? Niliona tu, nikaenda kusema.